Moshi wa Buluu Nyuma ya Uwanja wa Ndege

Kuku ndio waliokuwa wenyewe. Mmoja alikuwa ametaga juu ya kiti, pale sponji ilipochanika ikafanya kishimo kama kiota, na wengine walikuwa wakilala juu ya usukani kila magharibi, miaka nenda miaka rudi, hata vyuma vikawa vyeupe. Mama mwenye nyumba aliwapungia leso wakatawanyika. "Ndiyo hiyo, mwanangu. Marehemu hakutaka iguswe. Ukiitaka tuongee bei, lakini yai langu uniachie."

Ilikuwa Magongo, nyuma ya uwanja wa ndege, mahali ambapo ndege ikija kutua watu hunyamaza katikati ya neno, wakangoja ipite, kisha wakaendelea pale pale walipoachia. Wadi yetu yaitwa Airport, hivyo hivyo, hata kwenye kura za Changamwe. Uwanja wenyewe ulianza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wahandisi wa jeshi la Afrika Kusini walipoutandaza juu ya ardhi ya Port Reitz, na mwaka 1979 ukawa wa kimataifa. Tangu hapo sisi tunaokaa ubavuni mwake tumezoea mashine za watu wengine zinazopita. Hii ilikuwa imepita mara moja, ikabaki.

Nilisugua bamba la pembeni kwa kiganja, chini ya mavi ya kuku na majani ya mwarobaini, nikasoma: DT175.

Kabla ya 1968 mtu aliyetaka pikipiki ya porini alichukua ya barabarani akaivua vizito, akainua ekzosi isigonge mawe, akafunga matairi ya meno, akamwomba Mungu. Mwaka huo Yamaha walianza kuuza DT-1, ya cc 246, iliyobuniwa tangu mwanzo kwa njia mbovu lakini ikiwa na taa na sifa zote za kwendea kazini. Wamarekani waliigombania, na ndugu zake wadogo wakafuata. Hii ya 175 kwa kweli ni cc 171, silinda moja yenye kipenyo cha milimita 66, gurudumu la mbele inchi 21, la nyuma 18, uzito kama kilo 100. Watu wawili wenye afya huibeba kuvuka mtaro. Injini yake ni ya mipigo miwili: haina vali za kichwani kama za gari, wala haina oili inayozunguka na kurudi. Oili huingia pamoja na petroli, ikapaka beringi na pistoni njiani, ikaungua, ikatokea nyuma ikiwa moshi wa buluu. Ni injini ya sehemu chache sana, na kwa sababu hiyo kila moja ikikosewa hulipiza kisasi.

Wazungu wakitaja pikipiki na Afrika pamoja hukimbilia Paris–Dakar. Mashindano ya kwanza yaliondoka Paris tarehe 26 Desemba 1978, na Cyril Neveu akayashinda juu ya Yamaha XT500. Apewe haki yake. Lakini pwani yetu ilikuwa na wapanda pikipiki ambao hawakupigwa picha hata siku moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Kenya ilianzisha mpango wa ugani wa mafunzo na ziara: afisa afundishwe, kisha awazuru wakulima kwa ratiba, kila wiki mbili. Ratiba bila chombo ni karatasi tu. Wizara, makanisa na mashirika ya misaada wakaingia kununua pikipiki ndogo za njia mbovu: Yamaha DT na AG100, Suzuki TF125, Honda XL. Ukiwa mtoto wa Kinango au Kaloleni miaka ile, mlio ule mkali, kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe, ulikuwa ndio serikali yenyewe inakuja. Ama ni chanjo ya ng'ombe, ama ni mbegu, ama ni chifu anamtafuta mtu.

Marehemu alikuwa afisa wa mifugo. Mkewe alinihesabia kwa vidole: Kinango, Ndavaya, Samburu, josho hadi josho. Pikipiki ilipochoka ofisi ikaiandika chakavu ikaipiga mnada, naye akaenda kuinunua ile ile aliyokuwa akipewa kazini. Akaisajili kwa jina lake, ikapata namba ya KA kama ya gari, maana wakati huo pikipiki zilikuwa hazijapewa msururu wao wa KM tunaouona leo kwa bodaboda. Hilo lilinifurahisha kuliko injini. Kununua chombo ulichokwisha kukijua tabia zake zote mbovu, huo si wazimu. Hayo ni mapenzi.

Basi karatasi kwanza, chuma baadaye. Nalisema hili kwa mtu yeyote anayeota pikipiki ya zamani, na wengi hawalisikii mpaka yawafike. Fremu nzuri isiyo na logibuku ni mzigo wa skrapu uliopakwa rangi. Namba ya fremu imegongwa kwenye shingo ya usukani, ya injini juu ya kasha lake, na zote mbili lazima zisome sawa na kitabu. Kwenye shingo palikuwa na rangi tabaka tatu. Nilizikwangua kwa bisibisi huku moyo unadunda, tarakimu moja baada ya nyingine, mama akinisomea kutoka kwenye logibuku ya zamani ya karatasi ngumu iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya mfuko wa maziwa. Zikalingana. Nikalipa Sh550 kupekua rekodi kwenye mtandao wa serikali, jina likatoka ni la marehemu. Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa kuwa maiti haweki sahihi. Ilibidi wanawe wapitie njia ya mirathi kwanza. Miezi saba. Pikipiki ilikaa kwao, yai likaanguliwa, nami nikajifunza subira ambayo baadaye nilikuja kuisahau kwa hasara.

Kwa nini nisiagize nyingine kutoka Japani, nzuri, isiyo na kuku? Kwa sababu chombo kilichotumika kikishapita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza hakiruhusiwi kuingia nchini kwa njia ya kawaida. Zilizomo ndizo zilizomo. Na zilizomo zinapungua kwa kilo: mwenye kununua chuma hupita na mkokoteni, hupima, hulipa, huondoka. Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, kwa sababu ya wizi wa nyaya na milingoti ya umeme, nilipumua kidogo. Miezi michache baadaye ikafunguliwa tena. Nikakimbilia Magongo nikamaliza bei, Sh35,000, na nikaahidi kuleta kifaranga kimoja Idi ikifika. Usiniulize kwa nini. Mapatano ya pwani yana vipengele vyake.

Wasemao ya kale ni dhahabu hawajawahi kufungua injini iliyolala karibu na bahari. Hewa ya Port Reitz ina chumvi, na chumvi haina haraka. Ilikuwa imekula njiti za magurudumu zikabaki nyembamba katikati kama mishumaa, imekula kromu ya ekzosi, imekula nyaya ndani ya ngozi zake hata nje zikionekana nzima. Kiki ilikuwa haishuki hata kwa uzito wangu wote. Pistoni ilikuwa imeoana na silinda.

Fundi wangu ana kibanda upande wa Chaani, jiriwa moja, benchi moja la mbao za kontena, na mwembe. Alianza kazi enzi za DT zenyewe. Sikuruhusiwa kugusa spana siku ya kwanza. Alivuta kigoda, akakaa, akaiangalia pikipiki kwa muda wa kikombe kizima cha chai ya mkandaa.

"Hii," akasema mwishowe, "imepita mikononi mwa watu watatu. Mmoja fundi, mmoja mwanafunzi, mmoja mwizi."

Nikadhani anatania. Lakini kila tulichofungua tulijua ni cha nani. Mwizi, yaani yule wa tatu, alikuwa amelazimisha bolti ya uzi wa lori kwenye kasha la alumini, ikaingia kwa kupasua. Alikuwa amejaza saruji ya chuma mahali pa gasketi. Aliunganisha waya mwekundu na wa kijani kwa kuzisokota tu na kuzifunga na karatasi ya sigara. Mwanafunzi alikuwa mtu mwema asiyejua: alifunga ringi juu chini, alikaza kila nati kupita kiasi, lakini alisafisha. Yule fundi wa zamani ndiye aliyetushughulisha. Kigingi cha kukanyagia kilikuwa kimevunjika, naye akachomelea kingine cha nondo ya ujenzi, akakipinda kidogo kwenda nyuma ili kikigonga jiwe kikunjike badala ya kung'oka. Madigadi ya mbele, ya plastiki, ilipasuka, akatoboa matundu kwa msumari wa moto pande zote mbili za ufa akaishona kwa waya wa shaba, mshono wa kupishana, kama mtu anayeunga ukili wa jamvi. Ilikuwa bado imeshika. Na pampu ya oili aliing'oa kabisa, akaziba mahali pake kwa kipande cha bati kilichokatwa kwa mkasi, kimezungushwa vizuri, matundu mawili ya skrubu yamepimwa sawasawa. Kwa ndani ya bati herufi zilisomeka bado: MBO. Kopo la Kimbo.

Pampu hiyo ilikuwa ndiyo fahari ya Yamaha. Tangu 1964 waliipa jina la Autolube: oili inakaa kwenye tenki lake dogo, pampu inaipima kulingana na mkono wa mafuta, mwenye pikipiki haangaiki kuchanganya. Mimi nilikuja na nia ya kurudisha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani. Nilikuwa nimeshachapisha kitabu cha mwongozo, kurasa zote, nimekitia jalada. Nilimwonyesha Fundi mchoro wa pampu.

Akauangalia. "Mchoro mzuri. Sasa niambie, pampu ikifa ukiwa Ndavaya, utajuaje?"

"Sitajua."

"Utajua, mwanangu. Utajua injini ikishika. Huyu bwana alitaka aione oili yake kwa macho, aimimine mwenyewe kwenye petroli, aitikise. Huyu alikuwa anarudi usiku."

Niliamini pengine kwa nusu. Lakini tangu siku hiyo swali la kazi yote lilibadilika. Nilikuwa nikijiuliza nini kimetoka kwenye asili. Nikaanza kuuliza nani alifanya hivi na alikuwa anaogopa nini. Wanaofufua pikipiki za zamani huko Ulaya na Marekani wana kigezo chao: pikipiki irudi kama siku ilipotoka dukani, hata nembo ya bolti iwe ile ile. Ni kigezo safi kwa chombo kilichokaa gereji. Chombo kilichokwenda majosho kwa miaka kumi ukikirudisha dukani umekifuta. Hata hivyo sitaki mtu aje aniambie kwamba basi kila kiraka ni urithi. Waya za karatasi ya sigara nilizichoma moto mwenyewe, kwa raha zangu.

Tenki lilikuwa na kutu ndani yenye unene wa ganda la mkate. Kuna dawa za madukani, bei yake ni ya watu wengine. Mama mmoja jirani wa kibanda, mwenye kuuza mahamri, alituona tukihangaika na kokoto akauliza kwani sinia za shaba hatujaona zikisafishwa nyumbani. Ukwaju. Tulinunua kilo mbili Kongowea, tukauloweka kwa maji ya moto, tukaukamua, tukachuja kokwa, tukaumimina ndani ya tenki hadi juu, lita kama saba, pamoja na kipande cha mnyororo wa zamani. Kila aliyepita akitikisa. Siku ya tatu tulimwaga: kilichotoka kilikuwa cheusi kuliko kahawa tungu na kilinuka kama shilingi ya shaba. Ndani chuma kilikuwa cha kijivu, kimya. Asidi ya ukwaju ikiachwa huendelea kula, kwa hiyo maji ya magadi yakafuata mara mbili, kisha jua la saa saba, kisha petroli yenye oili nyingi ili kutu mpya isianze jioni ile ile. Kabureta hatukuitia humo. Chuma chake ni laini, asidi ingeiacha na vidonda. Hiyo ilisafishwa kwa petroli, mswaki na uzi mmoja wa waya wa breki wa baiskeli kupenya matundu yake membamba.

Pistoni tuliilowesha wiki nzima kwa dizeli iliyochanganywa na oili ya gia, kisha Fundi akaweka kipande cha mti juu yake akagonga, si kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi nyumba ya wakwe. Mti huo tuliuomba kwa wachongaji Waakamba wa barabara ya Airport, wale wa ushirika ulioanza 1963. Walitukerezea kidude cha mviringo cha mpingo kikaingia silindani bila kukwaruza. Hodi ya tatu, ikajibu. Ilipotoka tukasoma kichwani mwake: 50. Yaani silinda ilikuwa imeshapanuliwa hadi nusu milimita zaidi ya kiwanda. Yamaha walitoa pistoni kubwa kwa hatua za robo ya milimita, hadi milimita moja kamili. Mbele yetu zilikuwa zimebaki hatua mbili. Baada ya hapo ni kuvika silinda laina mpya, kazi nyingine na pesa nyingine.

Mzee wa kukereza yuko Changamwe na riziki yake ni injini za malori. Silinda yetu mkononi mwake ilikuwa kama kikombe cha kahawa. Aliingiza kipimo, akageuza, akanionyesha jinsi ilivyolika zaidi upande wa tundu la kutolea moshi, pasipo duara tena bali mfano wa yai. Aliichonga kufikia 0.75, akaing'arisha kwa mawe mpaka kuta zikabaki na mikwaruzo myembamba inayokatana, ya kushikilia oili. Kisha akafuta pistoni mpya, bila ringi, akaiweka mdomoni mwa silinda na kuiachilia. Haikuanguka. Ilishuka polepole, kwa heshima, ikisukuma hewa mbele yake, kama mzee anayeteremka ngazi. Nafasi kati yao ilikuwa karibu milimita 0.04, pungufu ya unywele.

"Imekwisha," akasema mzee.

"Bado," Fundi akasema. Akatoa tupa ndogo ya nusu duara mfukoni, akaanza kulaza kingo za matundu kuta zote, tundu kwa tundu, kisha msasa. Injini ya lori haina matundu ukutani, na anayechonga za malori hana sababu ya kulikumbuka hilo. Kwenye mipigo miwili ringi hupita juu ya matundu hayo mara mia kwa sekunde. Ukingo ukiachwa mkali kama ulivyotoka kwenye mashine, ringi hunasa, hukatika, na vipande vyake hutembea. Alifanya kazi hiyo kwa saa mbili, na mzee wa kukereza akaacha injini yake ya lori akaja kuangalia. Hakuna aliyesema kitu.

Vipuri vyenyewe ni hadithi ya bodaboda. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, zile za mipigo minne kutoka India na Uchina zilimiminika, na kila duka la Mwembe Tayari likageuza rafu zake. Siwalaumu, mwenye duka hali ndoto. Uzuri ni kwamba mengi yanaingiliana. Mnyororo wa 428 ni ule ule wa boda. Vioo, nyaya za klachi baada ya kufupishwa, vishikio, indiketa, vyote ni vya boda. Plagi ya B8ES si ya boda, lakini ukiuliza kwa upole hutolewa kutoka kisanduku cha chini kabisa. Pistoni ilinichelewesha. Duka moja, nisilolitaja, liliniuzia sanduku lenye maandishi ya Kijapani na ndani yake kitu ambacho Fundi alikigonga kwa ukucha akanirudishia bila kukifunga. Iliyofaa ilitoka Nairobi, Kirinyaga Road, kwenye duka la mtu aliyeifuta vumbi kama anayeaga.

Na oili. Pwani nzima inauza oili ya mipigo miwili kwa sababu ya mashine za mashua. Kila ngalawa iliyotundika injini nyuma inaichoma. Nikanunua galoni, nikijiona mjanja. Fundi akaisoma, akaiweka kando. "Mashua inapozwa na bahari. Hii inapozwa na upepo." Oili ya mashua imetengenezwa kwa injini isiyopata moto sana. Ya kufaa niliipata panapouzwa misumeno ya kukatia miti: msumeno nao hupozwa na upepo, nao hupigwa kazi ngumu bila kusogea.

Rangi sitaisimulia. Ni nyeupe, ilipakwa, imekauka. Nyaya zilichukua Jumamosi mbili, taa ni ya volti 6 na inamulika kama mshumaa ulio na mashaka.

Sasa hasara. Injini ilipofungwa Fundi aliniambia nibadilishe sili zote mbili za krenki. Ya kushoto, nyuma ya magneto, ilikuwa nadra. Mhudumu wa duka alisema ningoje wiki mbili. Niliitazama ile ya zamani. Ilikuwa nyeusi, ya duara, haikuwa na ufa. Nikairudisha mwenyewe usiku, na asubuhi Fundi alipouliza nikajibu kwa kichwa, si kwa mdomo, ili isiwe uongo kamili.

Iliwaka kiki ya nne. Moshi ulikuwa mwingi kiasi kwamba vijana wa stendi ya boda walikuja mbio na ndoo ya maji. "Inaungua, mzee!" Nikawaambia ndivyo ilivyo. Mmoja akauliza inabeba abiria wangapi, na nilipomwambia mmoja kwa shida, akapoteza hamu. Nilitoka kuelekea barabara ya Airport, gia ya kwanza, ya pili, na ile sauti ya nyuki ikanitoa miaka arobaini. Nikapita wachongaji. Nikasikia mlio ukibadilika, ukawa mwembamba, msafi, mzuri kupita kiasi. Nikadhani injini imefunguka. Kumbe inakosa petroli, inavuta hewa, inapata moto. Gurudumu la nyuma likaganda. Nilibana klachi kwa bahati tu, kwa woga wa kuanguka, na huo woga ndio ulioniokoa ngozi.

Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro. Nyuma yangu patasi za wachongaji ziliendelea, tak-tak, tak-tak, na ndege ikapita na wote tukanyamaza.

Fundi hakunigombeza. Alipaka povu la sabuni kuzunguka kasha la magneto, akapiga kiki taratibu, nasi tukaangalia povu likivutwa ndani pale mhimili unapotokea. Mpira uliokaa miaka mingi kwenye joto hukakamaa. Hauonyeshi ufa, lakini haushiki mhimili tena. Oili inaingia na petroli, na hewa ya pembeni huiharibu hesabu hiyo. Sili ile bei yake ilikuwa Sh400. Silinda ilirudi kwa mzee wa Changamwe ikachongwa hadi milimita moja, hatua ya mwisho. Fundi akalaza kingo za matundu upya, saa mbili nyingine, na safari hii alinipa tupa mimi, yeye akashika kikombe cha chai. Pampu sikuirudisha. Bati la Kimbo nililisafisha kwa msasa mwororo upande mmoja tu, ule usio na herufi.

Wiki sita za kwenda taratibu, bila kupanda kasi, bila kubeba mtu. Kisha Jumapili moja alfajiri nilikwenda hadi Mazeras na kurudi, mlima wote ule pamoja na malori, madigadi ya mshono wa shaba ikitetema mbele yangu. Nilipofika Chaani nilizima injini pale pale kibandani kama nilivyoagizwa, bila kuiacha ingurume.

Fundi alifungua plagi ingali moto, akaishika kwa kitambaa. Alikwenda nayo nje ya kivuli cha mwembe, akaigeuza juani. Kauri yake ilikuwa na rangi ya ganda la korosho. Akainusa, akanirudishia.

"Funga. Usikaze sana."